Glasi ya Tatu

Buzuruga, Mwanza
Jumapili, 6 Juni 1937

Kwa mjomba wangu mpendwa, Venant Shimba, Maabara ya Mifugo, Mpwapwa

Shikamoo, mjomba.

Baada ya salamu, ninakujulisha kwamba hapa kwa Mama tu wazima, isipokuwa Mama mwenyewe, ambaye goti lake la kushoto limegoma na halisikii dawa ya zahanati. Binti yako Dorotea na mumewe Ngosha walifika salama kutoka Misungwi wakiwa juu ya lori la magunia ya mtama. Ngosha amepata kazi kwenye jineri ya pamba ya Bwana Mohanlal, upande wa Nyakato, palepale ninapofanya kazi mimi. Yeye yuko mizanini, anapima pamba. Ni kazi ya kivulini, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake.

Barua yako ya Pasaka niliisoma kibarazani mbele ya wote, kama ulivyotuzoesha: Mama kitini, Dorotea kwenye mkeka, Ngosha kizingitini, na majirani watatu waliosema wamekuja kuomba moto. Uliposema kwamba ukoo ni kama kamba ya kufungia robota la pamba, uzi mmoja hauzuii kitu, jirani mmoja alipiga makofi, akasahau moto wake.

Sasa neno la kazi. Pipa la mbao ulilonipa ulipohama limekuwa baraka. Mama alilitaka kwa maji ya nyumbani, nikakumbuka ulivyonishika mkono stesheni ukisema, "Hili ni la karakana, lisiingie ndani ya ua." Basi nimelifanya chombo cha tindikali, maana lile jiwe langu la kuchongwa limepasuka. Mwaka huu pini zote za mashine ya marobota nimezitengeneza upya. Unaijua mashine ile: pamba hushindiliwa ndani ya sanduku la chuma mpaka iwe ngumu kama mbao, na mlango wa sanduku unazuiwa na pini nne, kila moja nene kama kidole gumba. Ninazipasha moto, ninazitosa katika mafuta ziwe ngumu, kisha ninazilaza katika tindikali ziambue magamba meusi.

Katika pipa lako, mjomba, tindikali imekuwa na adabu. Zamani ilichemka kwa kelele na kuila pini hadi ikawa na vishimo. Sasa mapovu ni machache na chuma hakiliki. Pini zinatoka zinang'aa kama vijiko vya harusi.

Kitu kimoja tu kimenishangaza. Pini mbili nilizozibana kwenye jiriwa Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi nilizikuta zimekatika. Hakuna aliyezigonga. Nadhani ni chuma kibaya cha fungu moja.

Mpwa wako mtiifu,
Malimi Maige


Mpwapwa
27 Juni 1937

Kwa Malimi, na kwa ninyi nyote mliokaa kibarazani kwa dada yangu Paskazia

Marahaba, wanangu, na wewe dada yangu mkubwa, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa afya zenu. Goti la dada likandwe kwa maji ya moto, wala lisikubaliwe kuwa kisingizio cha kutokwenda kanisani. Hapa Mpwapwa baridi imeshuka kutoka milimani. Kazi yangu ni ileile: huletwa chupa za maji kutoka majosho ya ng'ombe ya nchi nzima, nami hupima nguvu ya dawa iliyomo. Ikizidi, ng'ombe hufa. Ikipungua, kupe huishi. Ndugu zangu, mtu anayeishi kwa kupima hujifunza kwamba madhara mengi hayatoki katika kitu kibaya, bali katika kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake.

Ngosha, mizani uliyokabidhiwa ni amana. Mkulima aliyetoka na pamba yake Misungwi kwa miguu hana shahidi mwingine ila mkono wako.

Malimi, nimefurahi kwa sifa za kazi yako. Kuhusu pini mbili zilizokatika, yamkini ni kama ulivyosema, fungu baya la chuma. Lakini kwa kuwa umetaja pipa, ningependa kujua: kabla ya kulitumia uliliosha kwa maji mangapi? Na tindikali inapofanya kazi, je, inatoa harufu yoyote zaidi ya ukali wake wa kawaida? Nauliza tu kwa mazoea ya maabara. Hata hivyo, kazi hiyo uifanyie nje, upepo ukutokee mgongoni, wala usiinamie pipa.

Msinijibu kwa haraka. Jibuni kwa usahihi.

Mjomba wenu,
Venant Shimba


Buzuruga
Jumapili, 18 Julai 1937

Shikamoo, mjomba.

Sisi wazima. Mama alikwenda kanisani kwa fimbo, akarudi akisema padri amezeeka kuliko yeye. Dorotea ameanza kufundisha watoto wa jirani kusoma, na ada yake ni samaki.

Umeniambia nijibu kwa usahihi. Pipa niliosha kwa maji mara mbili. Lilikuwa safi machoni, ila mbao zake zilikuwa na weupe kama chumvi ndani ya mishipa. Kuhusu harufu: ipo. Ni harufu ya kitunguu saumu. Mpishi wa jineri alipita akauliza, "Fundi, leo unapika pilau ya misumari?" Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, ingawa siku hiyo kichwa kiliniuma mpaka jioni.

Sasa nisikilize kwa makini, mjomba, maana usingizi umenipungua. Msimu umeanza na marobota yanafungwa tangu asubuhi hadi machweo. Jumanne ya wiki iliyopita, saa sita na nusu mchana, watu wakiwa wanakula, mashine ikiwa imesimama na robota limo ndani, pini ya juu ilikatika yenyewe. Ililia kama bunduki. Pini tatu zilizobaki zikauzuia mlango. Kama zingefuata, mlango ungefunguka kama teke la punda. Na mbele ya mlango huo ndipo anaposimama mfungaji wa kamba za robota.

Nilikiokota kile kipande. Pini iliyozidiwa nguvu hujikunja kwanza, hunyooka kidogo, huaga. Hii haikuaga. Ilikatika mkato mkavu, wenye chembe kama sukari. Nikapaka mate penye mkato ili nione vizuri, na mate yakaanza kutoa mapovu madogo. Mjomba, chuma kilichopoa, kilichokaa juma zima nje ya tindikali, kilikuwa kinapumua.

Bwana Mohanlal aliniita ofisini.

"Fundi, mwaka jana pini zilidumu hadi mvua. Mwaka huu zinakatika kama muwa. Umebadilisha nini?"

"Chuma ni kilekile, bwana. Mafuta ni yaleyale. Nimebadilisha pipa tu."

"Pipa halikatiki, fundi. Kinachokatika ni pini."

Anashuku kwamba nimeuza chuma chake kizuri na kuweka kibovu. Hakusema hivyo, ila sasa ghala la vyuma lina kufuli ambalo halikuwapo.

Mimi nimefikiri jambo jingine. Mwaka huu jineri imechimba kisima kipya, na maji yake yana ladha ya magadi. Je, chumvi zilizoyeyuka katika maji zaweza kubadilisha chuma kikiwa ndani ya tindikali? Mimi na Ngosha tulibeba madumu ya maji kutoka ziwani siku mbili, nikachanganya tindikali upya ndani ya pipa. Hali haikubadilika. Wewe una vyombo vya kupimia, nami nina macho tu. Nisaidie. Pini mpya tumeagiza kwa meli kupitia Kisumu, hazitafika kabla ya Oktoba, na Bwana Mohanlal hawezi kusimamisha msimu.

Mpwa wako,
Malimi

Uliuliza kuhusu kuosha pipa. Hukusema kwa nini.


Mpwapwa
15 Agosti 1937

Kwa Malimi na kwa ninyi nyote

Marahaba. Dada, shikamoo.

Mnisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, kisha nilikuwa na kazi, na baada ya hapo nilikuwa na sababu ambazo si lazima ziandikwe. Leo ni sikukuu, nimetoka Misa, nimeketi niwaandikie.

Swali la Malimi ni swali la mtu mwenye akili, nami nalisifu mbele yenu. Ameuliza kama chumvi zilizoyeyuka katika maji zinaweza kugeuza tabia ya chuma. Sikutaka kumjibu kwa maneno ya kitabu. Nilichukua springi ya saa iliyokufa, nikaikata vipande vilivyolingana. Nikapanga glasi tatu dirishani, kila moja na tindikali ya kipimo kimoja. Katika glasi ya kwanza sikuongeza kitu. Katika ya pili niliyeyusha chumvi ya kupikia, zaidi ya ile iwezayo kupatikana katika kisima chochote cha Mwanza. Baada ya saa moja nilivitoa vipande, nikavikunja kama upinde katikati ya misumari miwili, nikasubiri. Cha glasi ya kwanza kilistahimili usiku kucha. Cha glasi ya pili kilistahimili vilevile. Basi kisima cha Bwana Mohanlal hakina hatia, na asitukanwe mchimbaji wake.

Hapa tunajifunza, ndugu zangu, kwamba chumvi si moja, wala majaribu si mamoja; na kwamba mtu hapaswi kulaumu maji kabla hajayaonja.

Malimi, pini ukizitoa kwenye tindikali, zilaze siku saba kabla ya kuzitia kazini. Kwa kuzilaza hupata nafuu. Na nakushauri uache kulitumia lile pipa. Tafuta mtungi, au chonga jiwe jingine. Pipa uliweke mbali na ua, mbali na kuku na watoto.

Mungu awalinde. Ngosha adumu mizanini.

Mjomba wenu,
Venant Shimba


Buzuruga
Jumapili, 29 Agosti 1937

Shikamoo, mjomba.

Tu wazima. Samaki wa ada ya Dorotea wamezidi, tunakausha.

Barua yako niliisoma kibarazani kwa sauti ileile niliyozoea. Nilipofika kwenye misumari miwili, Mama aliinua fimbo.

"Rudia hapo pa glasi."

Nikarudia.

"Alipanga ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Ameeleza ngapi?"

Nikageuza ukurasa kuitafuta ya tatu. Ngosha, kwa kutaka kuokoa hali, akasema, "Shangazi, labda ya tatu aliinywea chai."

Wote walicheka isipokuwa Mama. Akasema, "Kaka yangu alifundisha hesabu miaka tisa kabla ya kwenda kwenye majosho. Hajawahi kukosea akihesabu hadi tatu." Kisha akaomba aingizwe ndani.

Nilimwomba Bwana Mohanlal kuacha pipa, akataka sababu. Sikuwa nayo. Akasema pipa zima halitupwi kwa ndoto ya mtu wa Mpwapwa. Kuhusu kulaza pini siku saba, hatuna pini za kulaza. Kila inayotoka leo inaingia mashinini kesho.

Mama ameniambia niandike nilichokificha, maana amesema hawezi kumlaumu kaka yake kwa jambo ambalo mwanawe analifanya. Basi naandika. Tangu tarehe 20 Julai Ngosha hayuko mizanini. Mfungaji wa kamba alikimbia kazi baada ya pini ya kwanza, na Ngosha akawekwa mahali pake, mbele ya mlango wa mashine. Sikukuambia kwa kuwa nilikuahidi stesheni ulipohama, mbele ya Dorotea, kwamba Ngosha akija kwetu hatafanya kazi ya hatari. Wiki iliyopita pini mbili zilikatika.

Nakuuliza kwa heshima yote: ndani ya glasi ya tatu mlikuwa na nini?

Malimi


Mpwapwa
9 Septemba 1937

Kwa dada yangu Paskazia, kwa Malimi, kwa Dorotea binti yangu, kwa Ngosha mkwe wangu, na kwa jirani yeyote atakayekuwapo

Barua hii isomwe kibarazani, mbele ya wote, bila kuruka neno. Sipokei shikamoo mwanzoni mwake, wala siitoi. Nisikilizeni kwanza.

Jana barua ya Malimi ilinifikia, na saa hiyohiyo nilikwenda posta kupiga simu ya maandishi mziondoe pini zote. Naomba Mungu iwe imefika. Yanayofuata ni yale ambayo simu haiwezi kubeba.

Ndani ya glasi ya tatu niliweka tone la dawa ya josho. Mapovu yakatulia, tindikali ikawa na adabu, kipande cha springi kikatoka kinang'aa. Nikakikunja katikati ya misumari yangu, nikaenda kuchukua chai. Sikuwahi kukaa kitini. Kilikatika nyuma yangu.

Dawa ya josho ni chumvi ya arseniki. Nanyi mnapaswa kuelewa inavyofanya kazi, ili pasiwe na mtu wa kusema ni uchawi, au ni uvivu wa Malimi. Tindikali inapouma chuma huzaliwa hewa nyepesi kuliko zote, iitwayo haidrojeni. Huzaliwa mojamoja, na kila moja hutafuta mwenzake. Zikishikana mbili huwa povu, hupanda juu na kutoweka. Hiyo ndiyo kelele aliyoizoea Malimi katika jiwe lake la zamani, na ilikuwa kelele njema. Chumvi ya kupikia ikiyeyuka humo haizuii ndoa hiyo. Lakini arseniki hukaa juu ya uso wa chuma na kuitenganisha jozi kabla haijashikana. Iliyokosa mwenzake haina pa kwenda isipokuwa ndani. Chuma huinywa. Kadiri kilivyo kigumu ndivyo kisivyoivumilia, na kikibanwa kwa nguvu ya kudumu hupasuka kwa ndani, kimyakimya, kwa saa au kwa siku, hata siku moja kikakatika mahali ambapo hakikuguswa. Malimi, utulivu ulioufurahia ulikuwa ni mapovu yaliyobadili njia. Na harufu ya kitunguu saumu ni sumu nyingine ya arseniki hiyohiyo, na inaua wanaoivuta.

Dawa hiyo ilitoka katika pipa. Pipa lilitoka kwangu.

Amri iliyobandikwa kwenye ukuta wa josho nililolisimamia ilisema kila chombo kilichobeba dawa kivunjwe na kuzikwa. Nilitia sahihi kwamba nimevunja mapipa kumi na mawili. Nilivunja kumi na moja. Malimi alikuwa anafungua karakana yake, nami nilikuwa nahama, na sikutaka ukoo useme kwamba mjomba ameondoka mikono mitupu siku ya mpwa wake. Nilijiambia: litawekwa makaa, litawekwa misumari. Sikuuliza litawekwa nini. Niliposoma neno "tindikali" katika barua ya Juni nilijua. Niliposoma "kitunguu saumu" sikuwa na shaka hata chembe. Badala ya kusema, niliwahubiria juu ya mizani.

Niliogopa kufukuzwa kazi. Lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa kibaraza hiki. Nimewazoesha kunisikiliza kama mtu asiyekosea, na barua zangu nilikuwa naziandika huku nikisikia makofi.

Liko jambo moja linalonitafuna kuliko yote. Nimesema leo, baada ya kujua kwamba anayesimama mbele ya mlango ni mume wa binti yangu. Hadi jana nilidhani ni mtoto wa mtu mwingine, nami nilikuwa kimya. Ningependa kuwaambieni kwamba ningesema hata hivyo. Siwezi kulithibitisha, wala ninyi msinithibitishie.

Fanyeni hivi. Pipa lisichomwe, moshi wake ni sumu. Livunjwe, lizikwe mbali na kisima na mbali na ziwa. Pini zilizobaki zitokoswe katika mafuta yaliyoanza kutoa moshi mwembamba, kwa muda wa saa nne kamili, bila kuacha moto ushuke. Joto huifukuza haidrojeni katika chuma. Kisha zibebeshwe uzito mkubwa kuliko wa mashine, zikae siku kumi, ndipo ziaminiwe.

Nimempelekea bwana mkubwa wa hapa maelezo ya pipa la kumi na mbili, kwa jina langu. Nasubiri atakavyoamua. Nakala nyingine iko ndani ya bahasha hii kwa Bwana Mohanlal, ili ajue kwamba fundi wake hakumwibia.

Kama baada ya haya bado mna salamu kwa ajili yangu, nitazipokea.

Venant


Buzuruga
Jumapili, 26 Septemba 1937

Mjomba,

Mwandiko huu si wangu. Ninasema, Dorotea anaandika.

Simu yako ilifika Jumatano tarehe 8. Pini zilikatika Jumanne tarehe 7, saa tisa alasiri. Moja ya zile mbili za kati ilianza, na zilizobaki zikaifuata kabla mtu hajageuza shingo. Mlango ulifunguka.

Ngosha hakuwa mbele yake. Baada ya siku ile Mama alipoinua fimbo, nilimwambia msimamizi kwamba fundi lazima azitazame pini zake kwa karibu, na Ngosha nikamrudisha mizanini. Kamba nilikuwa nafunga mimi. Mlango ulinipata mkono wa kulia, chini kidogo ya bega. Daktari anasema mfupa utaunga lakini hautanyooka wote. Vidole vitatu vinasikia.

Huenda utauliza kwa nini sikukuuliza waziwazi mapema. Nilianza kushuku tangu uliponiuliza niliosha pipa kwa maji mangapi. Niliukwangua ule weupe wa kwenye mbao, nikauficha ndani ya kopo. Lakini mpwa atamwuliza vipi mjomba wake mbele ya ukoo, "Je, ulinipa sumu?" Niliitengeneza sentensi hiyo mara nyingi nikiwa kazini, na kila mara ilinishinda. Nikaona ni rahisi zaidi kusimama mlangoni. Kwa hiyo usibebe peke yako. Tulikuwa wawili tuliolinda jina lako, na mlango haukujali.

Barua yako ilifika tarehe 17. Jumapili ya tarehe 19 tulikaa kibarazani. Kwa kuwa nisingeweza kuishika karatasi na kufunua, Dorotea alisimama akasoma yeye. Alisoma hadi mwisho, hakuruka neno. Penye "mtoto wa mtu mwingine" aliishusha karatasi, akanywa maji, akapasoma tena tangu mwanzo wa sentensi. Majirani walikuwapo, wale wa kuomba moto. Hakuna aliyepiga makofi.

Ngosha ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Basi hakuinywea chai." Sikujua kama nicheke. Mama alisema, "Kumi na mbili. Sasa hesabu yake imetimia." Kisha akaomba asomewe tena pale pa haidrojeni, kwa sababu alitaka kuelewa, na Dorotea akamsomea. Akauliza, "Kwa hiyo hewa ikikosa wa kushikana naye, ndipo inapovunja chuma?" Tukasema ndivyo. Akatikisa kichwa, akatazama njia iendayo stesheni.

Nakala yako Bwana Mohanlal aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kufuli la ghala limeondolewa. Alinijia nyumbani na machungwa, akasema, "Fundi, nilikuambia pipa halikatiki." Akanimenyea chungwa moja. Nimemwambia machungwa ni matamu.

Pipa limezikwa na Ngosha kwenye kichuguu kikavu, mbali na maji. Pini sita zilizosalia Ngosha alizitokosa katika mafuta kwa saa nne, mimi nikiwa nimekaa pembeni namwelekeza moto. Hakujua kwamba fundi anaweza kuwa mkali kiasi hicho. Tumeziweka kwenye boriti ya karakana, kila moja imebanwa kwa mtaimbo na kutundikiwa mawe, zaidi ya uzito wa mashine. Moja tuliivunja makusudi siku ya pili, kwa nyundo na kwa taabu kubwa: ilijikunja kwanza. Nikapaka mate penye mkato. Hayakutoa povu.

Tano zilizobaki, leo ni siku ya sita. Kila asubuhi Ngosha hufungua mlango wa karakana polepole, kama mtu anayechungulia mgonjwa, akahesabu hadi tano, akaja kuniambia. Bado siku nne. Kama bwana mkubwa wako atakuruhusu, au kama atakufukuza, gari moshi ni lilelile. Mama amesema uje usikilizwe ukiwa umekaa.

Dorotea ametia salamu yake nyuma ya karatasi hii, na sitaki kuisoma. Iliyobaki ni yangu, nimeiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwa hiyo imepinda:

Shikamoo, mjomba.